Jina Nililolimeza Mtoni Ruvuvu

Kabula mwanangu,

Salaam zangu utazikuta zimekunjwa ndani ya ile kanga yako yenye pindo jekundu, maana najua ndiyo utakayoifungua kwanza. Ninaandika jua likiwa bado liko juu, nimekaa barazani, na wewe uko uani na shangazi yako. Namsikia anakufundisha kwa mara ya tatu namna ya kufunga karanga za njiani zisiingie unyevu. Basi habari za karanga, nguo, dawa ya tumbo na lori la kesho kwenda Masumbwe sitazigusa. Shangazi yako amezimaliza, na nikiongeza langu atasema namwingilia kazi.

Mimi nina neno moja tu, ila ni refu, na mdomo umelishindwa. Mara mbili wiki hii nimekuita, ukaja ukaketi, nikakuuliza kama kuku wameingia. Ulinitazama vile mnavyotutazama sisi wazee mkidhani akili imeanza kutuaga. Akili ninayo. Nilikuwa naogopa.

Unakwenda kwa mumeo, ng'ambo ya Ruvuvu. Hamisi alipokuwa seremala kule machimbo ya dhahabu ya Geita, akichonga magogo ya kushikilia mashimo, sikuwaza sana kwamba yeye ni mtu wa Urundi. Alikuwa mkwe wangu tu. Anakuja sikukuu ya Idi, anakula, anatengeneza mlango wangu bila kuambiwa. Sasa baba yake ameugua, naye amerudi kwao kushika shamba na ametuma neno umfuate. Ni haki yake. Lakini ili umfikie utapita kwenye kivuko kile kile nilikorudishwa mimi, mwaka uliozaliwa wewe, nilipokuwa namfuata mke wangu.

Hadithi hiyo unaijua, na Tinde nzima inaijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukija magotini pangu na kusema, "Baba, nisimulie karani mbaya." Nami nakunja uso, nakohoa, natoa sauti nzito: "Wewe mtu wa Tinde, rudi ulikotoka." Unakimbilia nyuma ya mama yako ukicheka mpaka kwikwi inakushika. Mama yako hakuwa akicheka. Alikuwa akiinuka kwenda kutazama chungu jikoni, na wewe ulidhani mboga inaungua.

Ningekuacha uende na hadithi hiyo kama si maneno niliyoyasikia juzi. Ulikuwa unapepeta mtama, ukamwambia shangazi yako, "Baba yake Hamisi mimi simtaji jina kamwe. Wakiniuliza nitasema naenda kwa yule mzee." Shangazi yako akakusifu, akasema hakika umelelewa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na nilitaka kulia.

Karani yule hakuwa mbaya, Kabula. Naandika polepole nisije nikaruka. Karani hakuwa mbaya. Nilirudishwa kwa sababu yangu mwenyewe.

Siku zile Wajerumani walikuwa wameshaondoka, Waingereza wameshika huku, Wabelgiji wameshika kule, na sisi wenye miguu tulikuwa hatujazoea kwamba mto unaweza kuwa ukuta. Nilikuwa nachukua majembe kwa Warongo, wahunzi wa upande wa Geita, napita nayo Masumbwe na Biharamulo mpaka Urundi. Ulikuwa mwendo mzuri. Asubuhi kuna ukungu, chini yake unasikia kengele za ng'ombe usiowaona, na miguu inalowa umande mpaka magotini. Mpaka leo nikisikia chuma kinagonga chuma, naikumbuka njia ile na nguvu niliyokuwa nayo, nikitembea kutwa na usiku bado nikitaka kucheza ngoma.

Huko ndiko nilikompata mama yako. Alikuja kuchagua jembe, akayagonga yote kwa ukucha, moja moja, akisikiliza. Nikamwuliza anasikiliza nini. Akasema, "Nasikiliza lipi linadanganya." Nikajua nimekwisha. Baada ya miezi sita nilikuja naye Tinde.

Sasa sikiliza jambo la ukwe, maana hapo ndipo kisa changu kilipo. Babu yako, baba yangu, alikuwa mtu wa pwani aliyekuja na msafara, akakwama Tinde kwa ajili ya bibi yako Msukuma. Yeye alikuwa akisema kwao mama mkwe huitwa mama, hukaribishwa, huulizwa hali. Lakini aliyenilea ni mama, na mama alinilea Kisukuma. Mkwe humtazami usoni. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Na jina lake hulitamki, hata akiwa mbali, hata akiwa amekufa. Mama yako aliniambia jina la mama yake mara moja tu, sikioni, ili nijue ni neno gani la kulikwepa. Nikalimeza hapo hapo. Hata kwao desturi ni hiyo hiyo, hasa kwa wanawake, kwa hiyo tulielewana bila kufundishana.

Alipopata mimba yako alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Baba yake alikuwa ameshafariki. Nilimsindikiza mpaka nusu ya njia, nikamwachia watu wa kwao, nikamwambia nitakuja mwezi wa kuzaliwa kwako ukikaribia. Na kweli nilikwenda. Nilichukua jembe moja tu, bora kuliko yote niliyowahi kushika, kwa ajili ya mkwe wangu. Mtoto wa kwanza akizaliwa, zawadi hutolewa, na kujificha hupungua. Njia nzima nilikuwa nafikiria siku nitakayoweza kumwamkia bibi yako, nikasikia sauti yake.

Kivukoni pale walikuwa wameweka kibanda upande wa pili wa mto, na kamba, na karani. Ilikuwa ni kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Kila mgeni alipapaswa shingo kutafuta uvimbe, kisha akaulizwa anakwenda nyumba ya nani, ili akiugua ajulikane alipo. Shingo yangu ilikuwa safi. Karani alikuwa kijana mwembamba, amefunga kilemba, anaandika huku ulimi umetoka kidogo. Nilimwamkia vizuri, naye akaniitikia vizuri.

"Waenda kwa nani?"

"Kwa mke wangu. Amekuja kujifungua."

"Mkeo alivuka kabla sijawekwa hapa, hayumo katika kitabu changu. Mwenye nyumba ni nani?"

"Baba yake amefariki."

"Poleni. Basi ni mama. Jina lake?"

Nikasema, "Ni mama wa mke wangu."

"Huyo kila mtu anaye," akasema, na watu kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka kidogo, nikidhani mambo yataishia hapo. Akangoja. Nikamtajia mlima wao. Akasema mlima ule una nyumba nyingi, na watu wengi wamepita pale wakidai wana wake, kumbe hawana. "Jina moja tu, ndugu yangu. Nitajie upite."

Ningemwambia mwenzangu alitaje badala yangu, kama tunavyofanya. Lakini wafanyabiashara niliokuwa nao hawakulijua, na ili walijue ilikuwa lazima kwanza nilitamke. Kuandika sikujua. Nikasimama pale kama mbuzi aliyefikishwa mtoni. Karani akaandika kitu kitabuni, akaniambia nirudi na mtumbwi ng'ambo ya huku, akili ikinijia nivuke tena. Hapo ndipo hadithi ya karani mbaya inapoishia siku zote. Ninavyoisimulia, mimi nimerudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa hasira. Haikuwa hivyo.

Nililala pale siku mbili, na wenzangu wakaningoja. Na yule karani, bila kuombwa, alituma mtu mlimani kuuliza kama kuna nyumba yenye binti mjamzito aliyeolewa Tinde. Siku ya tatu nikamwona mama yako akishuka kile kilima, taratibu, mkono mmoja kiunoni. Nyuma yake alikuja mama yake.

Bibi yako alimfikia karani akamwambia jina lake. Nilimwona karani anaandika. Kisha akaniita kwa sauti kutoka ng'ambo: "Mtu wa Tinde, vuka. Mwenye nyumba amekuja. Sasa litaje na wewe, yakifanana upite."

Unajua nilifanya nini? Nilimwona mkwe wangu amesimama ukingoni, nikajifunika uso kwa shuka, nikaingia kwenye mafunjo. Mtu mzima, na ndevu zake. Mbu wakaniuma, matope yakanifika magotini, na mke wangu alikuwa ananitazama.

Bibi yako alielewa kuliko wote. Nilichungulia nikamwona anasema neno na mama yako, kisha akageuka, akapanda kile kilima mpaka mbali, akaketi chini akiupa mto mgongo. Akaweka mikono yote miwili masikioni.

Mama yako akaita, "Mtu wangu, vuka. Mama ameziba masikio. Hasikii."

Nikatoka mafunjoni, nikapanda mtumbwi, nikavuka. Mama yako alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, nyuma ya kamba, na wewe ulikuwa hapo hapo tumboni mwake. Nilikuona, Kabula. Shuka lake lilitikisika upande mmoja, naye akapashika, akanitabasamia. Karani akaweka kalamu chini. Hata akageuza uso, akatazama maji, kunipa nafasi. Akasema, "Nakungoja mpaka mtumbwi wa kurudi ujae."

Na sikulisema.

Kwa miaka mingi nilijiambia ilikuwa heshima. Si kweli, na wewe ndiwe mtu wa kwanza ninayemwambia. Heshima ilikuwa kule kilimani imeziba masikio. Mimi niliwatazama wenzangu wa Tinde waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, nikawaza watakavyosimulia sokoni: Ramadhani kamtaja mama mkwe, tena kwa sauti, tena mbele ya watu. Nikaogopa kuchekwa. Nikaona afadhali nirudi, kwa sababu aliyerudishwa huhurumiwa.

Mtumbwi ukajaa. Nikampa karani lile jembe, nikamwomba ampe mama yako. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akasema, "Jembe halina malale," akalipitisha juu ya kamba. Jembe likapita. Mimi nikarudi. Mama yako hakulia wala hakuniita tena. Alilichukua jembe, akaligonga kwa ukucha mara moja, akapanda kilima kwenda kumwinua mama yake.

Nilijiambia nitarudi baada ya wiki mbili, nikiwa peke yangu, bila watu wa Tinde. Mvua ikawahi. Mto ukajaa, na ulipopungua malale yalikuwa yamezidi huko, kivuko kikafungwa kabisa, hata kwa mwenye kujua majina yote ya dunia. Habari zako nililetewa na muuza chumvi aliyezipata kwa muuza chumvi mwingine: ni msichana, mzima, amezaliwa wakati wa mvua kubwa, anaitwa Kabula. Nilikaa chini pale pale sokoni. Mama yako, Mrundi, katikati ya ndugu zake, alikuwa amekupa jina la Kisukuma, jina la mtoto wa mvua, ili nisipokujua kwa sura nikujue kwa jina. Mimi niliyeshindwa kutaja jina moja.

Kivuko kilipofunguliwa ulikuja Tinde, tayari unatembea. Ulinitazama ndevu ukalia, ukajificha kwa mama yako siku nne. Nilikuwekea vipande vya muwa mlangoni kama mtu anayetega ndege, na siku ya tano ukachukua kimoja. Hata leo nikila muwa nakumbuka mkono ule.

Usiku wa kwanza nilimwuliza mama yako alipitaje kivukoni peke yake na mtoto. Alikuwa anakunja nguo zako, hakuinua kichwa.

"Aliniuliza naenda nyumba ya nani Tinde. Nikamtajia baba yako."

"Ulimtaja baba? Mkwe wako?"

"Nilimtaja. Kisha nikamwomba radhi njia nzima, Biharamulo mpaka hapa. Nadhani amenisamehe, maana mtoto hakuugua."

Baba aliposikia, yule mzee wa pwani, alicheka mpaka akatoa machozi, akasema kwake hakuna kosa, alitajwa vizuri na atajwe tena. Mimi sikucheka. Mama yako naye hakuligusa tena jambo la mto, siku zote tulizoishi, na tuliishi vizuri, wewe ni shahidi. Aliniudhi, nilimwudhi, alinitania kwa ndevu zangu, alinipikia isale, ule mchuzi wa mawese wa kwao, nilipougua mpaka nikaichukia. Lakini kila uliposema "nisimulie karani mbaya", alikwenda kutazama chungu. Ningeweza kuisimulia kweli siku yoyote katika siku zile. Sasa amelala kule makaburini, mwaka wa tatu huu, na ninayemsimulia ni wewe.

Bibi yako alifariki ulipokuwa na miaka saba. Tuliletewa habari pamoja na jembe. Lilikuwa limelika mpaka limebaki kama kijiko, na aliyelileta alisema mama hakulima kwa jingine. Sauti yake sikuwahi kuisikia. Jembe hilo ndilo lile lililo juu ya mlango wangu, ambalo umeniuliza mara nyingi kwa nini silitupi, nami nakujibu kwamba chuma cha Warongo hakitupwi.

Mwaka ule ule nilikwenda kwa mwalimu wa watoto, nikamwomba anifundishe herufi. Nilikaa na wajukuu wa watu, magoti yamenifika kidevuni, wakanicheka nikawaacha wacheke. Ulidhani nataka kuandika habari za biashara. Nilitaka kuwa na njia ya kusema kitu ambacho mdomo hauwezi. Nikajifunza, nikaandika majina ya watu wote ninaowajua, na moja sikuliandika.

Sikuambii uache adabu, mayu. Ukimwona mkweo njiani, mpishe. Ukimpelekea maji, inamisha macho. Mambo hayo ni mazuri na nitasikitika yakipotea. Lakini ukifika kwenye kamba ile, ukaulizwa nyumba ya nani, usiseme "yule mzee". Kila mtu ana mzee. Mtaje baba yake Hamisi kwa jina lake lote, sauti ifike kwa karani, kisha muombe radhi njiani kama mama yako. Hamisi anakungoja nyuma ya kamba, na mtumbwi haukawii kujaa. Watakaocheka waache. Wale wa Tinde niliowaogopa mimi, wawili wamekufa, na mmoja nilipomkumbusha siku ile aliniambia hakumbuki hata kama alikuwepo.

Na wakikuuliza zaidi, una nini na nchi ile, waambie ulizaliwa kule wakati wa mvua. Waambie wewe ni mjukuu wa nyumba ya Ntirampeba.

Hilo ndilo jina lake. Ntirampeba. Naliona hapa kwenye karatasi na mkono haukukauka. Nimeweka kalamu chini, nikageukia magharibi, nikalitamka kwa sauti. Sikulitamka vizuri, nikalirudia.

Umeitika kutoka uani, "Abee, baba. Umeniita?"

Nimekujibu kwamba hapana, mayu, namwita bibi yako.

Baba yako,
Ramadhani